Kutoka Burundi hadi Kibondo na Kasulu: Utawala wa Wazi na Utawala wa Hofu katika Mizani ya Uislamu

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake, Maswahaba zake na wote wanaowafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.



Wapo kati yetu hapa Unguja na Pemba wanaosema kwamba habari za siasa hazimhusu Muislamu, na kwamba dola ikiwa ya wazi au ya kufunga watu midomo, maadamu msikiti uko wazi na adhana inasikika, basi yatosha. Wapo pia wanaosema kinyume chake, kwamba demokrasia ndiyo dawa ya kila maradhi. Maneno yote mawili yanahitaji kupimwa. Na pahala pazuri pa kuyapimia si mbali: ni nchi yetu wenyewe, katika nyanda za juu za mkoa wa Kigoma, wilaya za Kibondo na Kasulu, ambako tangu mwaka 2015 wameishi majirani waliokimbia dola iliyojifunga.

Makala hii inaeleza nini kilitokea, maisha ya familia yanakuwaje katika kila upande, na dini yetu inasemaje.

Watu wamoja, mpaka mmoja

Kibondo na Kasulu ni nchi ya Waha. Ni milima na mabonde, baridi ya asubuhi, mashamba ya mihogo, maharage na mahindi. Ng'ambo ya mpaka ni Burundi. Kiha na Kirundi ni lugha zinazosikilizana, kiasi kwamba Muha wa Kibondo na Mrundi wakikutana sokoni hawahitaji mkalimani. Wameoana na kuuziana chakula tangu kabla ya Wajerumani kuja. Waislamu wa Burundi nao, walio wachache nchini mwao, wengi wao ni wasemaji wa Kiswahili wa mitaa kama Buyenzi mjini Bujumbura na mji wa Rumonge ulioko ziwani. Asili ya jamii hizo inahusiana na njia ile ile ya misafara iliyotoka pwani na Zanzibar kwenda Ujiji.

Kwa hiyo tunapolinganisha pande mbili hizi hatulinganishi watu wa rangi mbili wala dini mbili. Udongo ni mmoja na mvua ni moja. Kilichotofautiana ni namna wanavyotawaliwa. Hilo ndilo linalofanya mfano huu uwe na faida.

Kilichotokea Burundi

Burundi ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962. Mwaka 1966 jeshi liliuondoa ufalme, na kwa zaidi ya miaka 25 nchi ikawa chini ya wanajeshi watatu waliopokezana kwa mapinduzi: Micombero, Bagaza na Buyoya. Mwaka 1972 yalifanyika mauaji makubwa, na maelfu kwa maelfu wakakimbilia Tanzania, wakapewa makazi Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Mwaka 1993 ulifanyika uchaguzi wa vyama vingi na Melchior Ndadaye akashinda. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo huo wanajeshi wakamuua, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza. Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000, uliosuluhishwa kwanza na Mwalimu Nyerere na baada ya kufariki kwake na Nelson Mandela, ndio uliofungua njia ya amani.

Kwa miaka michache baada ya 2005 Warundi walionja uwazi. Zilikuwako redio binafsi zilizosikilizwa na watu wengi, na vyama vya kiraia vilihoji serikali. Kisha mlango ukaanza kufungwa. Tarehe 25 Aprili 2015 chama tawala kilimteua Rais Pierre Nkurunziza agombee muhula wa tatu, jambo ambalo wapinzani wake walisema linavunja Mkataba wa Arusha. Watu wakaandamana, polisi wakapiga risasi. Tarehe 13 Mei, Rais akiwa Dar es Salaam kwenye mkutano wa viongozi wa Afrika Mashariki, baadhi ya wanajeshi wakajaribu kupindua wakashindwa. Katika siku mbili hizo vituo vikubwa vya redio binafsi vilishambuliwa na kuzimwa, miongoni mwao RPA, Bonesha FM na Isanganiro.

Watu wakaanza kukimbia. Mwezi huo huo makumi ya maelfu walirundikana Kagunga, kijiji cha wavuvi kwenye ukingo mwembamba wa Ziwa Tanganyika, mlima nyuma yao na maji mbele yao. Kipindupindu kikaingia, wakafa watu wapatao 30. Meli kongwe ya MV Liemba ikawa inawachukua kuwapeleka Kigoma mjini, na kutoka hapo mabasi yakawapeleka Nyarugusu, wilaya ya Kasulu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo. Ilipojaa, kambi ya Nduta wilayani Kibondo ikafunguliwa tena Oktoba 2015, na Mtendeli wilayani Kakonko mwanzoni mwa 2016. Tanzania ilipokea Warundi zaidi ya 200,000.

Maisha ya familia chini ya dola iliyojifunga

Mtu akisikia neno "udikteta" hufikiria vifaru na magereza. Hayo yapo. Lakini familia hulihisi jambo hili kwanza ndani ya nyumba, katika mambo madogo.

La kwanza ni habari. Redio zikishazimwa, inabaki sauti moja. Mei 2018 Burundi ilisimamisha matangazo ya BBC na Sauti ya Amerika, na mwaka 2019 ikaifungia BBC kabisa. Mwandishi wa gazeti la Iwacu, Jean Bigirimana, alitoweka Julai 2016. Katika hali hiyo mzazi hana njia ya kujua kama barabara ya mtoto wake kwenda shule ni salama. Anategemea uvumi, na uvumi ndio unaowaua watu kabla ya risasi.

La pili ni upelelezi wa nyumbani. Katika mitaa ya Bujumbura kila kaya ilitakiwa kuwa na daftari lenye majina ya wakaazi na wageni. Sisi visiwani tunajua kupeleka taarifa ya mgeni kwa sheha, na jambo hilo lina faida yake. Tofauti inakuja pale daftari linapokaguliwa usiku na watu wenye silaha, na vijana wa chama wakawa ndio macho ya mtaa. Hapo mgeni anakuwa hatari. Mtu anaogopa kumlaza mtoto wa dada yake.

La tatu ni watoto. Mwaka 2016 mamia ya wanafunzi wa Burundi walisimamishwa shule, na baadhi yao wakakamatwa, kwa kuchora juu ya picha ya Rais kwenye vitabu vya shule. Mwaka 2019 wasichana watatu wa shule mkoani Kirundo waliwekwa mahabusu kwa sababu hiyo hiyo mpaka walipoachiwa baada ya kelele nyingi. Tafakari: mama anakagua begi la mwanawe asubuhi akitafuta mchoro wa kalamu utakaompeleka jela.

La nne ni kujitenga na dunia. Oktoba 2017 Burundi ilikuwa nchi ya kwanza kujitoa katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Mwaka 2019 ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilifungwa. Dola inayosema haina la kuficha ikawa inamfukuza kila mwenye macho. Na misaada ilipokatwa, aliyelala njaa hakuwa mkubwa wa serikali, alikuwa mkulima.

Rais Nkurunziza alifariki Juni 2020. Mrithi wake, Évariste Ndayishimiye, alifungua baadhi ya milango, na Umoja wa Ulaya ukaondoa vikwazo mwaka 2022. Hata hivyo wako Warundi ambao mpaka leo hawajathubutu kurudi. Hofu ikishaingia ndani ya nyumba haitoki kwa tangazo la redio.

Upande huu wa mpaka

Je, Kibondo na Kasulu ni pepo? Hapana, na Muislamu hasemi uongo hata kwa kuisifu nchi yake.

Kuna kheri kubwa iliyofanyika. Vijiji vya Waha vilipokea watu wengi kuliko wakaazi wake bila kuwafunga mlango. Mkulima wa Kasulu anaweza kumlaumu diwani wake hadharani kwenye mkutano wa kijiji, akarudi nyumbani akalala. Huko ng'ambo jirani yake aliyefanya hivyo huenda alilala porini. Kabla ya hapo Tanzania iliwapa uraia wakimbizi wa 1972 na watoto wao wapatao 162,000, jambo ambalo mataifa mengi tajiri hayajalifanya.

Lakini kuna upungufu pia. Mkimbizi wa Nduta au Nyarugusu hakuruhusiwa kutoka zaidi ya kilomita nne bila kibali. Mgao wa chakula umepunguzwa mara kwa mara fedha za wafadhili zilipopungua. Baadhi ya masoko ambako wenyeji na wakimbizi waliuziana yalifungwa. Mwaka 2017 nchi iliacha kuwapokea Warundi kwa jumla, na urejeshaji ulioanza mwaka huo umeitwa wa hiari, ilhali mashirika ya haki za binadamu yamelalamikia vitisho na shinikizo.

Na sisi Watanzania kwa ujumla tuna hesabu yetu wenyewe. Vyama vingi vilirudi mwaka 1992, lakini mikutano ya hadhara ya siasa ilizuiwa kuanzia 2016 hadi Januari 2023. Katika uchaguzi wa Oktoba 2025 intaneti ilizimwa, amri ya kutotoka nje ikatangazwa Dar es Salaam, na kuna nyumba zilizofiwa. Uwazi si cheti ambacho nchi hupewa mara moja ikakitundika ukutani. Ni kama afya ya mwili: leo upo, kesho unapungua, na asiyeuangalia huupoteza.

Mizani ya dini

Wanazuoni wametofautiana juu ya neno "demokrasia". Wapo waliolikataa kwa kuwa linawapa watu haki ya kutunga sheria kinyume na ya Allah. Wapo waliotenganisha kati ya falsafa hiyo na nyenzo zake, kama kura, kikomo cha muda wa uongozi na bunge la kuhoji, wakasema nyenzo hizo zinafaa zikitumika kusimamisha haki. Hatuna haja ya kumaliza khitilafu hiyo hapa. Yatosha kuangalia misingi ambayo hawakukhitilafiana.

*Kwanza, shura.* Suratush Shura aya ya 38 inataja kushauriana katika mambo yao kuwa ni sifa ya waumini, ikaiweka kati ya Swala na utoaji. Na katika Aal 'Imraan aya ya 159 Mtume (S.A.W.) mwenyewe, anayeteremshiwa wahyi, ameamrishwa kuwashauri Maswahaba. Ikiwa yeye aliamrishwa, ni nani leo aliye juu ya kushauriwa?

*Pili, amana.* An-Nisaa aya ya 58 inaamrisha amana zifikishwe kwa wenyewe na hukumu iwe kwa uadilifu. Uongozi ni amana, haumilikiwi. Abu Bakr (R.A.) alipochaguliwa, khutba yake ya mwanzo iliwataka watu wamsaidie akifanya vyema na wamnyooshe akikosea. Hakumuweka mtu jela kwa kulichukua neno lake.

*Tatu, makatazo ya upelelezi.* Al-Hujuraat aya ya 12 inakataza dhana mbaya, kuchunguzana na kusengenyana kwa pamoja. An-Nuur aya ya 27 inakataza kuingia nyumba ya mtu bila idhini. Na katika Sunan ya Abu Daawuud, Mu'awiya (R.A.) amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alitahadharisha kuwa mwenye kufuatilia aibu za watu atawaharibu, au atakaribia kuwaharibu. Angalia daftari lile la Bujumbura, kisha uisome hadithi hii. Watu wanaopelelezwa hujifunza uongo na kusalitiana, na hayo ni maradhi ya dini kabla ya kuwa ya siasa.

*Nne, nasaha.* Mtume (S.A.W.) ameliweka neno la haki mbele ya mtawala dhalimu katika daraja ya juu ya jihadi. Nchi ambayo neno hilo linamfikisha mtu kaburini imefunga mlango wa ibada, hata kama misikiti yake iko wazi.

Hili ndilo jibu kwa wanaosema adhana yatosha.

Najashi na wajumbe wa Quraishi

Katika mwaka wa tano wa Utume, Mtume (S.A.W.) aliwaelekeza Maswahaba waliokuwa wakiteswa wakimbilie Uhabeshi. Sababu aliyoitaja haikuwa dini ya mfalme, kwani alikuwa Mkristo. Ilikuwa ni kwamba kwa mfalme huyo hakuna mtu anayedhulumiwa.

Quraishi wakamtuma 'Amr bin al-'Aas na 'Abdullah bin Abi Rabi'a na zawadi za ngozi, wakawapa kwanza wakubwa wa baraza ili wamshauri mfalme awarejeshe watu wale bila kuwasikiliza. Najashi alikasirika akakataa. Akawaita, akamsikiliza Ja'far bin Abi Talib (R.A.), kisha akarudisha zawadi na kuwahakikishia usalama.

Hapa pana hukumu mbili kwa wanaoishi karibu na kambi na kwa wenye mamlaka. Mkimbizi asirudishwe kabla hajasikilizwa yeye mwenyewe. Na hata zawadi ya serikali jirani haigeuzi haki yake. At-Tawba aya ya 6 inaongeza kwamba hata mushriki akiomba hifadhi apewe, kisha afikishwe mahali pake pa amani. Neno ni mahali pa amani, si popote.

Huenda msomaji akauliza: mbona Mtume (S.A.W.) alimrudisha Abu Jandal (R.A.) kwa Quraishi siku ya Hudaybiya? Jawabu ni kwamba ule ulikuwa mkataba maalumu, kwa amri ya wahyi, ambao Maswahaba wenyewe ulikuwa mzito kwao. Wanawake waliohama hawakurudishwa, kama ilivyo katika Al-Mumtahina aya ya 10. Na baada ya Abu Basiir (R.A.) na wenziwe kukimbilia pwani, Quraishi wenyewe ndio walioomba sharti hilo liondolewe. Asiye na wahyi hawezi kulitolea hoja tukio hilo akamkabidhi mwenye hofu kwa anayemuogopa.

Tuzingatie na hili. Sehemu ya ardhi inayohusishwa na hijra ile leo ni Eritrea, nchi ambayo tangu uhuru wake mwaka 1993 haijafanya uchaguzi wa taifa, magazeti yake binafsi yalifungwa Septemba 2001, na vijana wake hukimbia utumishi wa jeshi usio na mwisho. Waislamu na Wakristo wanakimbia pamoja. Nchi iliyokuwa kimbilio inaweza kuwa ndiyo inayokimbiwa. Basi asidhani mtu kwamba kwao ni salama milele.

Na sisi visiwani

Hatuna ruhusa ya kuitazama Kasulu kama habari ya wengine. Wazee wetu wanaikumbuka miaka ya baada ya 1964, uchaguzi ulipofutwa, chakula kikapangiwa foleni, na safari ya kutoka kisiwani ikahitaji kibali. Wapo waliopanda mashua usiku wasiage hata mama zao. Na baada ya mauaji ya tarehe 26 na 27 Januari 2001, Wazanzibari zaidi ya 2,000, wengi wao kutoka Pemba, walivuka bahari hadi Shimoni, Kenya, wakalala chini ya maturubai. Mwezi huo Mtanzania alikuwa mkimbizi. Watu wa Shimoni wangetufungia mlango, tungesemaje?

Muafaka wa Oktoba 2001, na kura ya maoni ya Julai 2010 iliyopitisha Serikali ya Umoja wa Kitaifa kwa zaidi ya asilimia 66, zilionyesha kwamba watu waliouana wanaweza kuzungumza mlango ukiwa wazi. Waliporudi kufungiana, na uhasama ulirudi.

Familia ifanye nini?

1. Wazazi wawasimulie watoto habari hizi kwa ukweli, bila chuki. Mtoto ajue kwamba Mrundi wa Nduta hakuja kula cha mtu, alikimbia kama alivyokimbia mjomba wake.

2. Zaka na sadaka. Mkimbizi aliyeacha mali yake anaingia katika mafukara, masikini au msafiri aliyekatikiwa, miongoni mwa waliotajwa katika At-Tawba aya ya 60. Asili ni kuanza na wahitaji wa karibu, na wanazuoni wamekhitilafiana juu ya kuihamisha zaka. Kwa hiyo muulize sheikh wako kuhusu zaka, ama sadaka haina mpaka. Asiye Muislamu hupewa sadaka kwa wema, kwa ushahidi wa Al-Mumtahina aya ya 8.

3. Tusieneze habari tusiyoithibitisha, hasa wakati wa uchaguzi. Al-Hujuraat aya ya 6 yatosha kuwa kanuni ya kila simu iliyomo mkononi.

4. Anayeona kura ni ushahidi, basi aitoe kama ushahidi: bila rushwa, bila kuangalia kabila wala kisiwa, kwa aliye muadilifu zaidi. Na aliyepewa kazi ya kuzihesabu ajue kwamba kila kura ni amana ya mja atakayesimama naye mbele ya Allah.

5. Tusikubali kuwa wapelelezi wa jirani zetu, kwa chama chochote, kwa ujira wowote.

6. Tuwaombee dua Warundi walioko kambini na walioko kwao, na tuwaombee viongozi wetu waongoke, kwani kuongoka kwao ni raha ya wengi.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu aijaalie nchi yetu iwe ya amani iliyojengwa juu ya haki, awarejeshe waliohama wakiwa salama na kwa hiari yao, na asitujaalie kuwa sababu ya mtu yeyote kuikimbia nyumba yake.

Wallahu a'lam.